Kilichotandikwa Chini: Mpira, Turubai na Ardhi Mbichi ya Maniema

Anayelala porini Kalima hulowa mara mbili, kutoka juu na kutoka chini. Mji huu wa bati uko mashariki ya Kindu, katika teritware ya Pangi, Maniema, mashariki ya Kongo, nchi ya Warega, ndani ya msitu wa ikweta ambako kiangazi ni kifupi na hakikaushi kitu. Mvua ikikatika, miti huendelea kudondosha maji kwa muda mrefu. Juu ya ardhi kuna majani yaliyoanguka jana, chini yake majani yaliyooza, na chini zaidi udongo mwekundu ulioshiba maji. Ukikanyaga, wayo wako hujaa maji kabla hujapiga hatua ya pili.

Paa na sakafu havipigani vita vimoja. Tone la mvua likigonga paa la hema lina nguvu ndogo, na mteremko wa paa hulitupa pembeni. Sakafu haina mteremko, na juu yake kuna mtu. Chukua mtu wa kilo 70 anayepiga goti moja kuwasha taa: nusu ya uzito wake ikikaa kwenye sentimita 50 za mraba, anakandamiza kwa kilo 0.7 kwa kila sentimita ya mraba, sawa na kusimamisha nguzo ya maji ya mita 7 juu ya kitambaa hicho. Ndiyo maana watengenezaji wa mahema, ambao hupima uimara wa kitambaa kwa urefu wa maji kinaoweza kuuzuia, huridhika na milimita 1,500 kwa paa lakini sakafu huipa 3,000, 5,000, hata 10,000. Kitambaa kilichostahimili masika mazima kinaweza kushindwa na kiwiko cha aliyelala.

Wasafiri walioandika habari za Afrika ya kati wamejaza kurasa kwa sifa na lawama za mahema yao. Kuhusu kilichotandikwa chini waliandika mstari mmoja, au hawakuandika kabisa. Naona hapo ndipo walipoficha mengi bila kukusudia, kwa kuwa hema lilionekana na kila mtu kambini, ila sakafu yake iliwahusu wachache waliokuwa nayo.

Watu wa msitu walikuwa na jibu lao zamani. Liko jani linaloota kwenye kivuli, pana, laini, lenye bua refu, ambalo katika sehemu nyingi za misitu ya mashariki ya Kongo huitwa mangongo. Uso wake una nta ya asili, na maji hukimbia juu yake bila kushika. Huchumwa kwa mafungu, bua hupasuliwa kidogo ili kila jani lining'inizwe kwenye fito, na majani hupandana kama vigae. Paa la namna hiyo hujengwa jioni moja. Majani hayohayo hufungia chakula na kutandikwa chini ya mkeka. Mwenye nia ya kukaa zaidi ya usiku mmoja alijitengenezea kitanda cha fito, akakiinua shibiri moja au mbili kutoka ardhini, moto ukawa karibu. Kwa msitu huu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote: badala ya kuyazuia maji, uyaache yapite chini yako. Ubaya wake ni kwamba jani hunyauka. Kila kambi mpya inataka kazi mpya, na mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri hana nguvu ya kuchuma majani mia jioni.

Hili liliwapata vibaya watu wa misafara ya Pwani. Katika nchi za Unyamwezi na Ugogo, pagazi aliyetua mzigo alikata nyasi, akajenga kibanda kidogo, akatandika nyasi nyingine chini, na juu yake mkeka au kipande cha ngozi. Nyanda zile zina nyasi tele. Utaratibu huo uliwafikisha waungwana na watu wa Zanzibar hadi Tabora, Ujiji, Kabambare, na katika miaka ya 1860 hadi Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Kaskazini ya Nyangwe nyasi ziliisha.

Tarehe 5 Novemba 1876, Henry Morton Stanley alitoka Nyangwe na kuelekea kaskazini akiwa na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, pamoja na mamia ya watu wa pande zote mbili. Kwa masimulizi ya Stanley mwenyewe, walikuwa wamepatana kwamba Tippu Tip amsindikize kwa mwendo wa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000. Siku ya pili wakaingia katika msitu ambao Stanley anauita Mitamba, kwenye nchi aliyoiandika Uregga, nchi ya Warega. Ni msitu huohuo unaoendelea mashariki hadi Kalima ya leo.

Alichokikumbuka Stanley kuliko vyote ni maji. Asubuhi haikuwa na mvua, lakini umande ulidondoka kutoka kwenye majani yote yaliyokuwa juu yao, matone yakishuka kutoka tawi hadi tawi mpaka yakawafikia. Njia iligeuka tope. Waliobeba vipande vya mashua yake, *Lady Alice*, walibaki nyuma sana, kwa kuwa vipande vile havikupita kati ya miti bila kukatiwa njia. Jioni ilipofika, nguo za wapagazi zililowa, mizigo ililowa, na pa kulala palikuwa tope lilelile walilokanyaga mchana kutwa. Watu wakaanza kuugua. Haikupita wiki mbili, Tippu Tip akaja kwenye hema la Stanley kuomba mkataba uvunjwe. Huyu alikuwa amevuka nchi nusu ya bara kwa miguu na kupigana mara nyingi, lakini msitu uliolowa ulimchosha. Wakaafikiana upya: vituo 20, dola 2,600.

Ukisoma kisa hiki katika vitabu vya historia utaambiwa juu ya woga, juu ya vita na wenyeji, juu ya ujanja wa biashara. Yote yalikuwepo. Mimi ningeongeza jambo moja dogo: watu mia kadhaa waliozoea kulala juu ya nyasi kavu walikuwa wamelala usiku kumi mfululizo juu ya maji.

Miaka mitatu kabla ya hapo watu wa misafara hiyohiyo walikuwa wameonyesha kwamba wanajua kuzuia maji panapo haja. David Livingstone, aliyewahi kuishi Kabambare na Nyangwe, alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakauzungushia kitambaa, wakauweka ndani ya gamba la mti lililobanduliwa zima bila kupasuliwa, wakalishonea kitambaa cha tanga kwa nje, kisha wakakipaka lami. Mzigo huo ulibebwa kwa miezi mingi, mvua kwa jua, ukafika Bagamoyo Februari 1874. Gamba la mti, tanga na lami: ufundi wa msitu na ufundi wa majahazi viliunganishwa katika kifurushi kimoja. Turubai la asili, kabla ya plastiki, lilikuwa ni hilohilo: kitambaa kizito kilichopakwa lami au mafuta, kizuri kwa kufunika shehena melini, kibaya kwa kulalia kwa kuwa hunata na kunuka.

Ulaya ilikuwa imepata njia nyingine. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kuyeyusha mpira kwa mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe, na kuupaka katikati ya vitambaa viwili. Maji hayakupita. Lakini mpira ule mbichi ulilainika kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Kitambaa kilichokunjwa kwenye sanduku katika nchi za joto kiliweza kugandana kikawa bonge moja. Dawa ilipatikana mwaka 1839, Charles Goodyear wa Marekani alipogundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa unabaki vilevile, jua au theluji. Thomas Hancock wa Uingereza aliwahi kuchukua hataza ya jambo hilohilo nchini kwake mwaka 1843. Tangu hapo kulikuwa na kitambaa ambacho mtu angeweza kukitandika kwenye tope na kulala.

Wa kwanza kukifanya kiwe sehemu ya hema lenyewe kwa namna iliyopata umaarufu alikuwa Edward Whymper, mchoraji na mpanda milima, mapema katika miaka ya 1860. Sakafu ya hema lake la Alps ilikuwa kitambaa cha mpira, upande wa mpira ukielekea chini. Mahema mengi ya Afrika hayakufuata mfano huo. Msafiri mzungu hapa alikuwa na kitanda cha kukunja, na chini yake labda kipande cha kitambaa cha mpira cha kuweka viatu na sanduku. Kitanda kile chepesi cha miti na turubai, ambacho Wabelgiji walikuja kukiita Picot, kilikuwa ni kile kitanda cha fito cha Warega, ila hiki kilibebwa na mtu mwingine.

Mwaka 1887 Stanley alirudi, safari hii kwenda kumtafuta Emin Pasha kupitia mto Kongo na msitu wa Ituri. Mahema yalitengenezwa na John Edgington wa London, turubai ikichovywa kwenye sulfati ya shaba ili isioze. Stanley alilisifu sana hema lake: lilikuwa limepigwa na mvua ya siku mia tatu, na lilipofika Zanzibar mwaka 1889 bado lingeweza kuvumilia mia mbili nyingine. Kuhusu walikolala wapagazi siku hizo mia tatu, sifa za namna hiyo hakuna.

Wengi wa watu waliongojewa kubebea kikosi cha nyuma cha Stanley kilichobaki Yambuya walitoka Maniema. Tippu Tip, wakati huo akiwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold, alitoa zaidi ya watu 400 Juni 1888, baada ya kucheleweshwa karibu mwaka. Alipoiona mizigo alikataa. Mzigo wa kawaida ulikuwa ratili 60. Akadai ipunguzwe hadi 40. Wazungu waliona ni ukorofi. Lakini anayejua turubai inavyokunywa maji ataelewa: hema lililokunjwa asubuhi likiwa limelowa lina uzito ambao haukuandikwa kwenye daftari la msafara, na uzito huo unakaa kichwani mwa mtu mmoja.

Wakati hema hizo zikipita msituni, mpira wenyewe ulikuwa ukining'inia juu ya njia. Msitu wa Kongo umejaa mitambaazi ya jamii ya Landolphia, inayopanda hadi vilele vya miti, na ukiikata hutoa utomvu mweupe. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo, na bei ya mpira ikapanda. Jeshi la Leopold, likiongozwa na Francis Dhanis, liliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Utawala wa Pwani ukaisha Maniema, na deni la mpira likaanza.

Namna ya kuukusanya inajulikana kwa undani, kwa kuwa wamisionari na wachunguzi waliiandika. Mwanamume alipanda mti au alikata mtambaazi, akakinga utomvu, na mara nyingi aliupaka kifuani, tumboni na mikononi ili joto la mwili liugandishe. Ukikauka aliubandua, na vinyweleo vikatoka pamoja nao. Kijiji kisichotimiza uzito uliotakiwa kiliona bunduki, kiboko, na wake waliofungwa mateka. Mwaka 1901 Kongo ilisafirisha takribani tani 6,000 za mpira. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye matairi, lakini viwanda vilevile vilitengeneza makoti ya mvua, mabomba, na vitandiko vya askari. Mkusanyaji aliyekaa wiki msituni akitafuta mitambaazi ambayo haijakatwa alilala juu ya majani, ilhali ngozi yake yenyewe ilikuwa imepakwa kitu kisichopitisha maji.

Serikali ya Ubelgiji ilichukua koloni mwaka 1908, na mpira wa mashamba ya Asia ukaushusha mpira wa porini. Vita ya 1914 ikaja. Ili kufika Tabora, iliyotekwa Septemba 1916, Wabelgiji waliwatumia wapagazi wapatao 260,000, na Maniema haikusalimika. Sitakaa hapo. Kwa hadithi yetu, ni marudio ya misafara ya zamani kwa idadi kubwa zaidi.

Bati ndilo lililoifanya Kalima kuwa mji. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, na kilima baada ya kilima kikafunguliwa kwa sururu na maji. Watafuta madini walikuja na hema, Picot na wapagazi. Baadaye zikaja nyumba za matofali, hospitali, umeme wa mto Lutshurukuru, uwanja wa ndege. Kisha Japani ikaiteka Malaya mwaka 1942, na nchi zilizokuwa vitani nayo zikapoteza kwa pigo moja bati na mpira wa Asia. Maniema ilikuwa na vyote viwili. Migodi ikasukumwa kwa nguvu, na mwaka huohuo siku za kazi za lazima vijijini zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Wanaume wakarudishwa msituni kukata mitambaazi ambayo babu zao walidhani wameachana nayo.

Kilichoumaliza mpira huo hakikutoka Afrika wala Asia. Mwaka 1933, kwenye kiwanda cha kampuni ya kemikali ya ICI huko Northwich, Uingereza, jaribio la gesi chini ya shinikizo kubwa lilikwenda kombo na kuacha unga mweupe unaofanana na nta. Ilikuwa polithini. Nailoni ilipatikana Marekani mwaka 1935. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani akapata njia ya kutengeneza polithini ngumu zaidi bila shinikizo kubwa. Baadaye sakafu za mahema ya watalii zikawa nailoni iliyopakwa utando, kisha zikashonwa ndani ya hema kwa umbo la beseni, kingo zikiinuliwa kimo cha mkono ili mshono usikae ardhini. Leo mpanda milima wa Ulaya hutandika chini ya sakafu hiyo kitandiko kingine cha gramu mia mbili au tatu, si kwa ajili ya maji tu bali kuilinda na mawe.

Kalima polithini ilikuja na njia nyingine. Symétain na kampuni nyingine za bati ziliunganishwa mwaka 1976 kuwa Sominki; bei ya bati duniani ikaanguka Oktoba 1985; mishahara ikapungua, kisha ikakoma, na mgodi ukabaki mikononi mwa wachimbaji wenye sepetu na karai. Wakati huo Rwanda ikaripuka. Mwaka 1994 zaidi ya watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Kivu, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) likawagawia turubai za plastiki za rangi ya bluu. Watu wa mashariki ya Kongo wanaziita shitingi.

Kambi zilipovunjwa kwa silaha mwishoni mwa 1996, mamia ya maelfu ya wakimbizi walikimbilia magharibi, ndani ya msitu. Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, kaskazini mwa Maniema, ilikusanya zaidi ya watu 100,000. Wengine walipita Shabunda na kutokea Kalima na Kindu. Walitupa sufuria, walitupa magodoro, lakini aliyekuwa na shitingi aliishikilia, akaikunja na kuitia kichwani. Familia yenye kipande kimoja ilikuwa na swali kila jioni: kiwe paa au kiwe sakafu? Kikiwa paa, tope liko chini. Kikiwa sakafu, mvua inajaza na kinakuwa birika. Wengi wangeweza tu kukikunja katikati, nusu chini, nusu juu, watoto ndani. Wanajeshi wa kundi la waasi la AFDL walifika Kindu mwishoni mwa Februari 1997. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaorodhesha mauaji yaliyofanyika kwenye njia hizo. Kalima imo, na miongoni mwa waliouawa hapo ni mapadri na masista wa Rwanda.

Shitingi zilibaki. Ukiikagua moja kwa karibu utaona si karatasi tupu. Katikati kuna nyuzi bapa za polithini ngumu zilizofumwa, nyeusi mara nyingi, na pande zote mbili zimefunikwa utando wa polithini laini. Nyuzi huzuia isichanike, utando huzuia maji. Ya UNHCR ya siku hizi ni mita 4 kwa 5, na uzito wake takribani kilo 4. Kinachoiua ni jua: utando hukauka, hupasuka kwenye mikunjo, na nyuzi hubaki uchi. Chini ya kivuli cha msitu hudumu zaidi, na ikiharibika kwenye mikunjo hukatwa, sehemu nzima ikaendelea.

Swali la nani apewe sakafu halikuishia Kongo. Kilimanjaro, ambako wapagazi wanaitwa wagumu, kwa miaka mingi wengi wao walilala kwenye hema la kulia chakula baada ya wageni kuondoka mezani, hema ambalo kwa kawaida halina sakafu. Tangu mwaka 2003 lipo shirika linalofuatilia hali zao, na mahali pa kulala ni miongoni mwa mambo linayoyakagua.

Katika machimbo ya msituni Maniema, kibanda cha mchimbaji sasa ni fito na shitingi juu. Chini, mwenye uwezo hutandika kipande cha pili. Asiye nacho hufungua magunia, au hurudi kwenye mangongo na kitanda cha fito. Shitingi hiyohiyo mchana huanikiwa mpunga na mihogo. Wazoefu wana kanuni moja ya kuitandika, na inafanana kabisa na ile ya watalii wa milimani: kipande cha chini kiwe kidogo kuliko paa kwa kila upande, au kingo zake zikunjiwe ndani. Ukiacha ukingo utokeze hata shibiri moja, maji yanayoshuka kutoka kwenye paa huanguka juu yake, huingia kati ya plastiki na mkeka, na hayana pa kutokea.